Malkia wa Sarakasi Aliyeogopa Spiriti

Rudy Havlik alikuwa na kidole gumba kilichomlisha miaka kumi na mbili. Kila alipoingia nyumba ya mtu hapa mjini Berwyn kununua mashine kuukuu ya pinboli, ule mchezo wa kurusha gololi ya chuma, alimsubiri mwenye mali aende kuleta kahawa, akakilamba kidole hicho, kisha akasugua picha iliyochorwa kwenye ubao wa mashine, pembe ya chini, upande wa kulia. Uchafu ukitoka na rangi ikang'aa, alijua ni mali, na bei aliyomtajia mwenyewe ilishuka papo hapo.

Jumatatu moja alisimama katika chumba cha chini ya nyumba ya Bibi Ludmila Sedlak, mjane wa miaka sabini na miwili. Mashine ilikuwa ya mwaka 1956, kioo kimeshaondolewa. Ubaoni alichorwa malkia wa sarakasi juu ya tembo, lakini masizi yalikuwa yamemtapakaa utadhani ametoka kuchochea kuni. Bibi akapanda ngazi kufuata mikate ya matunda ya plamu. Rudy akalamba, akasugua. Nyekundu mbichi ya kiwandani ikachomoza, na moyo ukamruka kwa furaha. Katika mji jirani wa Oak Park kulikuwa na daktari wa meno aliyeisaka mashine hiyo kwa bei ya magari manne kama la Rudy.

Bibi aliporudi, Rudy alikuwa amevaa uso wa mfiwa.

"Pole, bibi. Picha imelika yote. Hizi sasa ni kuni."

"Kuni! Marehemu Otto aliipenda kuliko alivyonipenda mimi."

"Ndiyo dunia. Ila mimi nina huruma, ndiyo kasoro yangu. Nitakuondolea mzigo kwa dola mia."

"Pesa nifanyie nini, mwanangu? Magoti haya hayapandi tena basi. Lile gari lako hapo nje, linatembea?"

Rudy akachungulia dirishani. Gari hilo ndilo lililokuwa ofisi yake, na ndicho kitu pekee alichowahi kukinunua kihalali. Akaguna, akajikuna, akakumbuka magari manne. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga. Lakini Rudy hakuwa na mazoea na wahenga, maana hawakuwa na cha kumuuzia. Akasaini kadi ya gari.

Ndipo alipogundua kwamba hana cha kubebea mashine.

"Usijali, nitakupeleka," alisema bibi, funguo tayari mkononi.

Waliposhusha mzigo kwa Rudy, bibi akamshika mkono. "Neno moja tu. Usiifute kwa spiriti. Kitambaa kikavu, basi."

"Nimekusikia, bibi." Moyoni alikuwa anacheka. Fundi gani asiyejua kwamba rangi ya kiwandani haiogopi spiriti?

Akamimina. Masizi yakatoka. Akamimina tena, akatoka tembo. Kisha malkia naye akahamia kwenye kitambaa, kuanzia taji hadi viatu, na ubao ukabaki mtupu. Rangi ilisalia pembe moja tu, ya chini, upande wa kulia. Rudy akakaa sakafuni akalia, na safari hii hakuwa anaigiza.

Daktari wa meno angekuja Jumamosi kuichukua mashine. Rudy akapiga simu kwa muuza vipuri: je, yupo mtu wa kuchora upya picha hizi, aje nyumbani?

"Yupo mmoja tu," akajibiwa. "Alichora kiwandani miaka thelathini. Nitamtuma kesho."

Asubuhi Rudy akafungua mlango. Nje lilikuwa limeegeshwa gari lake mwenyewe, ubavuni limechorwa malkia juu ya tembo. Mlangoni alisimama Bibi Sedlak na kopo la brashi.

"Spiriti, siyo?"

"Wewe! Kumbe ulijua!"

"Otto naye alikuwa mlamba kidole. Palepale, pembe ileile. Miaka arobaini nimemwangalia. Ndiyo maana pembe hiyo tu niliipaka rangi ya kiwandani, kwingine kote rangi ya kutoka." Akaingia bila kukaribishwa, akakagua ubao. "Safari hii nitachora kwa rangi isiyotoka. Ijumaa utakuwa nayo."

"Na malipo?" aliuliza Rudy kwa sauti ndogo.

Bibi akazungusha macho chumba kizima, polepole, kama mtu aliye dukani.

"Hiyo televisheni yako," akasema, "inaonyesha?"