Namba ya Juu ya Mlango

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Profesa hakuwahi kushika jembe, na uprofesa wenyewe alijipa siku aliponunua miwani. Kwa hiyo aliposikia kinyozini kwamba watoto watatu wa marehemu seremala wanagombea nyumba ya baba yao, yeye alichukua kibao na kopo la rangi.

Kaka mkubwa hakutaka nyumba igawanywe. Aliishi humo na shangazi yao, na alishanenepa.

"Hii hapa, mzee wangu," Profesa alimwambia. "1,000,003. Namba tasa! Igawe kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, inakataa. Itundike juu ya mlango, tuone nani ataigawa nyumba."

Kaka mkubwa alibonyeza simu mpaka kidole kikafa ganzi. Kila mara kilibaki kitu. Machozi yakamlenga kwa furaha, akatoa televisheni ya marehemu.

Alasiri Profesa alikuwa kwa mdogo mtu. "Kaka yako kakuwahi. Lakini ninayo 1,000,002. Hii inagawanyika kwa tatu, haibaki hata chembe."

Tofauti ni moja tu, lakini elimu haina udogo. Mdogo mtu na dada yake wakatoa cherehani ya marehemu mama yao.

Asubuhi vibao viwili vilikuwa juu ya mlango, na ndugu wawili chini yake wameshikana kola. Profesa akatokea na kibao cha tatu, cha amani, bei ya maelewano.

Shangazi akatoka anafuta mikono. "Mnauana bure. Namba mbili, mlango mmoja. Si mzijumlishe?"

Wakajumlisha: 2,000,005.

"Inagawanyika kwa ngapi, Profesa?"

Simu zote zilikuwa wazi; hapakuwa na pa kudanganyia. "Kwa tano, shangazi."

"Watoto watatu. Mimi wa nne." Shangazi akamtazama kwa upole. "Wa tano ni wewe mwenye elimu yako."

Moyo wa Profesa uliruka kichura. Sehemu ya nyumba kwa vibao viwili! Alikubali kabla mtu hajapinga.

"Basi, mrithi mwenzetu, vitu vya marehemu virudi ndani tugawane vizuri."

Alivirudisha mwenyewe, cherehani kichwani, anatabasamu njia nzima. Ndugu wakasahau ugomvi, wakamfungulia mlango.

"Vyumba viko vinne," shangazi akasema. "Kila mmoja wetu chake. Wewe fungu lako ni paa."

"Paa?"

"Lote. Hatukuingilii hata bati moja."

Mali ni mali. Profesa akapanda ngazi kuikagua, akakuta mabati yametoboka kama chujio. Alipogeuka ashuke, shangazi alikuwa ameshaiondoa ngazi.

"Shangazi! Nishukie wapi?"

"Sijui, mwanangu," akasema, akiiburuta ndani. "Huku chini si kwako."