Nimemuua Patron Siku ya Matanga ya Patron

Ndugu zangu wa gurupu, leo nimejiaibisha mpaka sura yangu imebaki kule kwenye matanga. Hapa mbele ya telefone kumebaki masikio tu. Kama kesho hamutaniona sokoni Kasongo, musiulize kama nimesafiri. Najificha.

Naeleza mwenyewe kabla hamujaelezwa na wengine. (Najua wamekwisha kuanza. Nimepita karibu na kisima saa hivi, wanawake wakanyamaza wote pamoja.)

Kwa wale hawakumujua patron wangu: alikuwa Fundi Asumani, yule wa atelie karibu na soko, mwenye kofia nyeupe na futi shingoni. Ndiye alinifundisha kushona. Watu wa dhahabu walikuwa wanatoka Salamabila na moto, zile pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, kusudi tu awashonee suruali yenye mufuko wa siri ndani ya kiuno. Ule mufuko hakuna mutu aliuona, hata muke wa mwenye suruali. Mimi nilikuwa fundi wake mudogo. Miezi ya mwisho, tansio, ile presha ya damu, na mafigo vilipomulaza, nikawa mikono yake na miguu yake. Kila asubuhi nampelekea chai nyumbani, ananiuliza kazi imefika wapi, narudi kwenye mashini.

Hiyo chai muishike. Itanitafuta.

Patron akafariki. Tulimuzika vizuri, alhamdulillahi. Lakini ndugu yake, Muzee Amuri, hakumuona. Alitoka Wamaza, mvua ikaharibu barabara, moto ikalala kwenye matope, na alipofika Kasongo kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Mutu aliyekosa kumuzika ndugu yake hana pa kuweka huzuni yake. Basi yeye aliiweka kwenye maswali.

"Asumani alikuwa muzima kiangazi. Nani alikuwa anamupikia? Nani alikuwa anamuletea vya kunywa?"

Watu wanaangaliana. Halafu, polepole, wananiangalia mimi.

Leo ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Jana Mama Feza, mujane wa patron, aliniita kwenye pazia ya mulango, maana iko kwenye eda na hatoki nje.

"Saidi mwanangu, kesho mbele ya ukoo utasema maneno mawili juu ya kazi yenu na patron. Mazuri. Wakusikie, wakuone wewe ni mutu. Kisha mimi nitawaambia wote kwamba atelie inabaki wazi, na wewe ndani."

Nikasikia ufunguo wa atelie unalia kwenye pindo la kitenge chake. Nikaenda kulala na furaha na huzuni, zote kitanda kimoja.

Sasa sikilizeni upumbavu.

Munajua ule muchezo tunaocheza na Dieume, jirani yangu mwenye kuchaji telefone za watu. Kipiganaji kidogo chenye taa mukononi kinashuka ndani ya muji uliozama chini ya ardhi. Hakuna anayekuambia uende wapi. Unapiga kuta, unaruka mashimo, unatafuta njia iliyofichwa. Na mwisho wa kila mutaa kuna jitu moja kubwa limekaa linakungoja. Sisi wawili hayo majitu tunayaita mapatron. (Ndiyo. Mumeanza kuona.) Patron wa huu mutaa, yule alikuwa ananikata vipandevipande tangu mvua ianze, anapigana na mukasi murefu kama mulango. Mukasi, ndiyo. Musinilaumu, mimi sikuutengeneza huo muchezo.

Asubuhi nikafika mapema, kanzu imepigwa pasi, nikasaidia kutandika mikeka chini ya bashi, lile turubai la kivuli. Maalimu akaja. Wazee wakaja. Muzee Amuri akakaa katikati, mugongo umenyooka, hasemi na mutu. Mimi nikaenda nyuma ya jiko, pale kwenye kuni, nifanye mazoezi ya maneno yangu.

"Wazee wangu, patron Asumani alikuwa..."

Alikuwa nini? Kila neno nililoshika lilikuwa dogo kwake. Alikuwa mwema. Nani hajasema hivyo kwenye matanga? Nikaanza tena. Mbele ya mashini mimi ni simba, mbele ya watu ni kifaranga.

Hapo telefone ikatetemeka. Dieume, ujumbe wa sauti. Nikatia ekuteri masikioni.

"Saidi! Yule wa mukasi usimuendee kwa mbele, utazeeka! Rudi kwenye maporomoko ya maji. Ukuta wa nyuma ni wa uongo. Piga, piga, utafunguka!"

Nikajiambia: naangalia ukuta tu. Ukuta tu, halafu nazima.

(Mutu akijiambia "tu" mara mbili, amekwisha kupotea.)

Nikapiga ukuta. Ukafunguka! Jamani, kumbe miezi yote ile nilikuwa napita mbele ya njia nzima naiona jiwe! Ndani kuna giza, maji mpaka kiunoni, ngazi ya kamba. Nikapanda. Ngazi ikanitoa juu, nyuma kabisa ya kiti cha patron. Na pale nyuma, shingoni, hana chuma! Shingo tupu! Sikuwa tena Kasongo. Matanga, kanzu, maneno yangu, vyote vikazama.

Yaliyofuata uwanjani niliambiwa baadaye. Maalimu alimaliza kusoma, akasema, "Sasa tumusikie kijana Saidi, fundi wa marehemu." Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu, watu wakageuza shingo. Mama Feza nyuma ya pazia akasema, "Labda analia mahali. Mumuache." Basi Maalimu akainua mikono aanze dua, na uwanja wote ukatulia.

Mimi nilikuwa sitoi machozi. Nilikuwa natoa jasho. Patron amegeuka, mukasi unapita juu ya kichwa changu, naruka, nampiga, naruka, nampiga. Damu yangu imebaki tone. Yake pia. Akainua mukasi. Nikapita chini yake.

Akaanguka!

Nikaruka juu kutoka kwenye kuni na mikono hewani. Munajua mutu mwenye ekuteri masikioni ginsi anavyosema. Anafikiri ananong'ona.

"NIMEMUUA PATRON! WALLAHI, NIMEMUUA! NIMEMUPITIA NYUMA, HAKUNIONA!"

Jiko la Mama Feza ni la matete. Matete hayazuii hata harufu ya kitunguu.

Kitu cha kwanza nilichoona ni Shangazi Mwamini, dada wa marehemu, amesimama mbele yangu na mwiko wa wali. Kinywa chake kiko wazi lakini sisikii kitu. Nikatoa ekuteri. Hapo nikasikia.

"AMESEMA MWENYEWE! JAMANI, AMESEMA MWENYEWE!"

Sufuria ikaanguka. Mbuzi aliyekuwa amefungwa kwenye muti akakata kamba na kutoroka (ni yeye peke yake aliyefanya jambo la akili leo). Halafu Muzee Amuri akatokea kwenye pembe ya jiko, kiatu muguu mumoja tu, na nyuma yake ukoo wote, na Maalimu mikono ingali juu.

"Rudia ile umesema," Muzee Amuri akaniambia. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Bora angepiga kelele.

"Muzee wangu, si patron wetu! Ni patron mwengine!"

"Mwengine?"

"Ndiyo, Muzee. Wako wengi."

"Umeua mapatron wangapi?"

Na mimi, badala ya kufunga kinywa, nikahesabu kweli kwenye vidole.

"Huyu ni wa saba."

Shangazi Mwamini akakaa chini kwenye majivu.

Nikashikwa kanzu, nikapelekwa chini ya bashi, mbele ya mikeka niliyotandika mwenyewe. Nikaeleza. Muchezo. Telefone. Muji chini ya ardhi. Kijana mwenye taa. Nilivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kuwa uchawi.

"Huyo uliyemuua, alikuwa anafanya kazi gani?" Muzee mumoja akauliza.

"Alikuwa..." Nikafanya vidole viwili hivi, vinakata. "Iko na mukasi."

Watu wakaanza kusema "Yarabi" kutoka mustari wa mbele mpaka wa nyuma.

Muzee Amuri akanyoosha mukono. "Tuonyeshe."

Sasa hapa ndipo wachezaji wenzangu mutanihurumia. Munajua ule muchezo. Patron ukishamuua, harudi! Nikafungua telefone, wazee wakainamisha vichwa, vilemba vikagongana. Wakaona nini? Kiti kitupu. Na chini ya kiti, mukasi.

"Mwenyewe iko wapi?"

"Amekufa, Muzee."

"Hilo tumekwisha kusikia."

Nikaona nitakufa kabla ya sala ya adhuhuri. Nikasema ngoja, kuna patron wa mutaa unaofuata, huyo iko muzima, nitawaonyesha ni mambo ya picha tu. Nikakimbiza kipiganaji changu mbio mpaka mulango wa chini. Tukaingia. Chura! Chura mukubwa kama kanisa. Sikumujua hata kidogo. Wazee wakashtuka, mumoja akasema "Ruka!", mwengine akasema "Hapana, pita kushoto, Saidi, kushoto!", na Maalimu, simutaji vibaya, akasema "Yuko nyuma yako!" Nikaruka kushoto. Ulimi wake ukanishukia kutoka juu, akanimeza.

Kioo kikawa cheusi. Maneno yakatokea kwa Kifaransa. Muzee Amuri akaweka miwani, akasoma polepole na kidole.

"Hapa wanasema umekufa."

"Ndiyo, Muzee."

"Na sasa?"

"Nagusa hapa, naanza tena."

Nikagusa. Kijana na taa yake akasimama mulangoni, muzima, hana hata kovu. Mutu mumoja nyuma akacheka. Kicheko kikaanza kutembea kwenye mikeka, na mimi nikapumua, nikafikiri nimepona.

Muzee Amuri hakucheka. Aliangalia yule kijana kwa muda. Akavua miwani.

"Ndugu yangu hakupewa pa kugusa," akasema.

Kicheko kikafa. Ndugu zangu, nimepigwa na mapatron saba, na chura, lakini hakuna hata mumoja aliyenipiga pale. Nikakumbuka kwamba yeye alisukuma moto kwenye matope ya Wamaza kusudi aone uso wa ndugu yake, na hakuuona. Mimi niliuona kila asubuhi. Na siku ya kuusema, nilikuwa kwenye kuni.

Halafu sauti ikatoka nyuma ya pazia. Haikukasirika. Hiyo ndiyo mbaya.

"Saidi. Jina lako limeitwa mara tatu."

"Nisamehe, Mama."

"Wazee wako hapa. Sema sasa."

Maneno yote niliyofanyia mazoezi yalikuwa yamekimbia na mbuzi. Nikasimama pale, kanzu imepasuka kwapani (mimi, fundi!), na likaja jambo moja tu. Nikalisema vile lilivyokuja.

"Siku moja patron alinikuta nacheza huu muchezo kazini. Nilifikiri atanifukuza. Akavuta kiti, akaangalia. Akaniuliza, 'Huyu mutoto anatafuta nini humo ndani?' Nikamuambia, anatafuta njia, patron. Akaangalia tena, anaanguka, anasimama, anapiga ukuta na kichwa. Akasema, 'Na hawezi kuuliza watu?'"

Nikataka kuendelea. Nikataka kusema kwamba mimi nilikuwa namuuliza yeye. Kola inakaaje, nimuambie nini muteja mukali, nifanye nini na moyo wangu baba yangu alipofariki. Na sasa sijui nani nitamuuliza. Lakini nikabaki nimefungua kinywa kama yule chura.

Uwanja ukacheka. Kweli, walicheka kwenye matanga, maana kila mutu aliisikia sauti ya Asumani mulemule. Pazia ikafunguka kidogo na nikamuona Mama Feza. Muzee Amuri akageuza uso, akasema, "Ni yeye. Ndivyo alivyokuwa anasema tangu utoto wetu." Akaomba apewe chai. Kwa mukono wangu. Nikamuletea, akaiangalia, akaniangalia, akainywa yote.

Mumefikiri imeisha vizuri? Aka!

Juu ya atelie, Mama Feza hakusema kitu. Watu walikula, wakaomba dua, wakaaga. Nilingoja mpaka mikeka ikakunjwa. Mwisho nikamusikia nyuma ya pazia: "Kesho usifungue. Kuja hapa nyumbani kwanza, tuongee." Ufunguo haukulia. Alikuwa ameushika ndani ya mukono.

Njiani, motari mumoja, dereva wa pikipiki nisiyemujua, akapunguza mwendo, akanisalimia, "Muuaji wa mapatron! Wa nane ni nani?" Nikajibu salamu. Ningefanya nini?

Sijui kesho nitasema nini. Nimejaribu kuandika hapa, nikafuta. Basi wenye busara munisaidie maneno, na wenye kucheka, chekeni huko nyumbani kwenu. Ila musinitumie zile sura ndogo za manjano zinazocheka na machozi. Leo nimemuona Mama Feza akifanya hivyo kwa kweli, na mpaka sasa sijui ni upande gani uliokuwa mukubwa.