Televisheni ya Kupeleka Ukweni

Jumatatu, 1 Juni 1981

Sikukuu ya Madaraka. Hakuna kazi. Nimekaa ndani ya kombi tangu asubuhi nikifikiri. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu Mbeti amchukue mtoto na sanduku lake akaenda kwao, upande wa Tala. Hakugomba. Hakuvunja hata sahani. Hilo ndilo linalonisumbua. Mke akivunja sahani, mume anajua pa kuanzia.

Lakini leo nimepata jibu. Televisheni! Kila jioni Mbeti alikuwa akienda kwa Lydiah, jirani yetu hapa Jericho, mwenye televisheni. Alikuwa akirudi amenyamaza. Kunyamaza kule sasa nakuelewa: alikuwa anatamani televisheni yake mwenyewe. Nashangaa sikuona mapema, mtu wa akili kama mimi.

Na ninayo. Yule Mzungu wa mambo ya nyuki niliyekuwa nikimwendesha aliporudi kwao aliniachia kombi lake kuukuu. Ni nyumba inayotembea: kitanda cha kukunja, sinki, jiko la gesi, kabati la nguo lenye pazia. Chini ya kitanda nilikuta televisheni ndogo inayotumia betri ya gari, imefungwa ndani ya blanketi. Inafanya kazi.

Mpango basi. Naifunga ndani ya kombi, Jumamosi naipeleka ukweni. Kule hakuna stima. Mama mkwe ndiye mwenye neno katika boma lile. Akifurahi yeye, Mbeti anarudi. Sijawahi kupanga jambo likanyooka namna hii.

Jumanne, 2 Juni

Baada ya kazi nimekwenda kwa Gachanja. Huyu huchomelea mageti na madirisha nyuma ya soko, na kwa sababu hiyo anadhani anajua vyuma vyote duniani. Nikampa mchoro wangu: mkono wa chuma, juu yake kitako cha televisheni, mkono unafungwa kwenye ubavu wa kabati kwa bolti mbili. Akautazama mchoro, akaugeuza juu chini, akautazama tena. Akasema kabati lile ni plaiwudi, na plaiwudi haishiki kitu kwenye barabara mbovu. Eti mkono ufungwe kwenye mbavu za gari lenyewe. Nikamwambia mbavu za gari ukizitoboa, mvua itaingia. Akaniuliza kama ninachopeleka ukweni ni televisheni au ni mvua.

Nikamkumbusha kwamba mimi ni dereva wa miaka kumi na minne. Akainua mabega akaanza kukata chuma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayejisemea. Mkuu ni nani? Mimi nimemzidi miaka minne.

Lydiah amelalamika tena kwamba kombi limeziba kamba zake za kuanika nguo. Halafu akasema ameletewa barua na Mbeti. Nikamwambia kombi litaondoka Jumamosi. Sikuuliza barua ilisema nini. Nilikuwa nimebeba chuma.

Alhamisi, 4 Juni

Imekaa! Bolti mbili, nati mbili, washa nne. Televisheni nimeizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, nikavivuta mpaka vikalia. Sasa televisheni na mkono wake ni kitu kimoja. Nimeendesha Jogoo Road hadi City Stadium na kurudi. Haikutikisika. Nikapita mbele ya Gachanja mara tatu, polepole, ili aone. Mara ya tatu alikuwa amefunga kazi akaenda zake.

Jioni nimetazama habari peke yangu, nikiwa kwenye kitanda cha kombi. Picha safi. Nikajikuta naangalia upande wangu wa kushoto, pale Mbeti atakapokaa. Nyumba yetu ni vyumba viwili tu lakini siku hizi imekuwa kubwa mno. Kila asubuhi nachemsha chai ya watu watatu kwa mazoea, halafu namwaga. Wacha niseme ukweli kwa kuwa daftari hili hakuna anayelisoma. Namtaka mke wangu arudi. Mtoto naye namtaka, na kelele zake.

Jumapili, 7 Juni

Jana sikuandika. Vidole havikuweza kushika kalamu.

Kumbe mimi na Gachanja tulikuwa sawa sote wawili, na hilo ndilo la kusikitisha. Televisheni haikuachana na mkono. Mkono haukuachana na kabati. Kabati ndilo lililoachana na gari. Lami ilipoisha niliingia korongo moja, nikasikia kitu kinachanika nyuma. Kutazama kwenye kioo, ubavu mzima wa kabati unaning'inia, na televisheni juu yake, salama kabisa. Nikaufunga kwa kamba ya katani. Kamba ikavumilia mpaka getini kwa wakwe, ikakatika hapo.

Boma zima lilikuwa limekusanyika. Shemeji Maingi, kaka yake Mbeti, akapanda juu ya kombi na antena kwenye mti mrefu. Mbeti alikuwa amesimama kando, mtoto mgongoni. Alinisalimu vizuri. Alikuwa amekonda. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini kulikuwa na kazi.

Nikapata wazo. Nikaingia ndani ya kabati, nikavuta pazia, nikaushika ubao kutoka nyuma kwa mikono miwili. Ukiwa nje unaona televisheni imetulia juu ya mkono wake kama ya hotelini. Kabla ya kuingia nilikuwa nimemdanganya Maingi, aliyekuwa juu ya gari, kwamba nakwenda mtoni kuchota maji ya rejeta, awajulishe watu. Sikutaka ijulikane kwamba mimi Muasya ndiye mkono wenyewe.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Tangu nioe, miaka sita sasa, yule mama nimemwona mgongo tu. Nilikuwa nimepanga atazame akiwa nje, mlango ukiwa wazi. Lakini manyunyu yakaanza, na Maingi, mtu mwema, akamwambia aingie, mkwe wake hayumo, amekwenda kuchota maji. Akaingia. Akakaa kitandani na Mbeti kando yake. Kati yangu naye kulikuwa na pazia la maua.

Nikitoka, aibu. Nikikohoa, aibu. Nikiachia ubao, televisheni chini. Nikabaki palepale.

Mama mkwe alimtazama mtangazaji kwa muda, akasema shati lake limepigwa pasi vizuri, kisha akachoka naye. Mimi na safari yangu yote! Akamgeukia Mbeti, akamuuliza kama anarudi Nairobi au harudi.

Mbeti akasema mimi si mtu mbaya. Silewi, simpigi, mshahara naleta nyumbani. Ila katika nyumba yangu hana wa kuongea naye. Siku aliyokuja kuniambia kwamba shule ya watoto wadogo ya kanisa inamtaka akafundishe, eti nilimjibu anishikie tochi. Akashika tochi. Kesho yake akaniambia tena, nikamweleza habari za kabureta. Mara ya tatu hakuniambia, akaenda kumwambia Lydiah. Televisheni ya Lydiah, alisema, alikuwa anaipa mgongo. Alikuwa anakwenda kule kupata mtu wa kumwitikia.

Nilisikia kila neno. Moyo uliniuma, siwezi kukataa. Mikono nayo ilikuwa inawaka moto. Hiyo tochi hata siikumbuki.

Mama mkwe akajifunga leso yake upya. Kisha akasema mkwe wake ana roho safi ila masikio yake yako garini. Siku nitakapokuja mikono mitupu, nikakaa, nikamuuliza mke wangu hali yake na nikangoja jibu, siku hiyo yeye mwenyewe atamfungia sanduku. Nikataka kulia pale kabatini. Na hapo ndipo kidole gumba kilipoteleza.

Sikujua mtu wa umri ule anaweza kuwa mwepesi vile. Aliidaka televisheni kwa mikono miwili, bega lake likavuta pazia, na tukawa ana kwa ana, karibu pua kwa pua. Hakuna aliyeweza kuachia. Yeye akageuza uso kushoto, mimi nikageuza kulia, na katikati yetu mtangazaji anaendelea na bei ya kahawa. Tukakaa hivyo mpaka Maingi akashuka kutoka juu ya gari.

Wazee wamesema nitatoa mbuzi wa kuondoa aibu. Ni haki yao. Mbeti alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafuta macho akanisindikiza barabarani. Akasema nilichosikia nimesikia, na ni afadhali. Akasema Jumamosi ijayo nije kwa basi, bila kitu chochote, tukae tuongee. Nikasema sawa. Akanitazama sana, akaniuliza kama nimemsikia. Nikasema nimemsikia.

Nikalala Tala ndani ya kombi, na leo nimerudi Jericho. Nguo za Lydiah zilikuwa zimeanikwa mahali pangu. Nimeegesha mbali kwa leo.

Jumanne, 9 Juni

Maneno ya Mbeti hayanitoki. Nikiendesha yapo, nikila yapo. Nimemuuliza Lydiah ile barua ilisema nini. Akasema ni hayohayo. Aliyasema bila dharau, na akanipa sukuma wiki kwenye sahani. Kumbe mtaa mzima ulijua ninachokosa isipokuwa mimi ninayekikosa.

Leo kazini nimejaribu. Nilimuuliza karani wetu hali yake, halafu nikangoja jibu. Aliongea dakika ishirini kuhusu mguu wa mama yake. Katikati nilitaka kumwambia habari za bolti, nikajizuia. Mwishoni alinishika mkono akasema mimi ni mtu wa watu. Ni kazi ngumu lakini inawezekana.

Jumamosi napanda basi. Mikono mitupu. Nimeamua.

Alhamisi, 11 Juni

Nimefikiri zaidi. Leo nilikuwa kwenye taa za Landhies Road na jambo likanijia wazi kabisa.

Nimeyasikiaje maneno ya Mbeti? Kwa sababu alikuwa ndani ya kombi. Kwa nini alikuwa ndani ya kombi? Kwa sababu ya televisheni. Bila televisheni mama mkwe asingekaa pale, asingeuliza, na mimi nisingejua lolote mpaka leo. Kwa hivyo televisheni ilifanya kazi yake. Kilichoshindwa ni kabati.

Tena hii habari ya mikono mitupu. Mimi nimelelewa. Mtu wa heshima akikuambia usilete kitu, ana maana ulete. Ni nani aliwahi kwenda ukweni mikono mitupu akapewa hata kiti? Mbeti asingeweza kuomba televisheni waziwazi mbele ya mama yake. Amelelewa vizuri, hilo nalijua.

Nikaenda kwa Gachanja, nikamwambia tufunge kwenye mbavu za gari. Hakucheka, jambo lililoniudhi zaidi. Badala yake aliuliza Mbeti alisema nini. Nikamweleza. Akazima mashine yake, akaniambia nipande basi. Alisema yeye mwenyewe yuko tayari kunisindikiza mpaka stendi. Nikamwambia achomee chuma, mambo ya ndoa aniachie mimi. Akasema haya. Chuma kitakuwa tayari kesho jioni, kwa hivyo nitafunga Jumamosi na kusafiri Jumapili. Siku moja si kitu. Na jibu la mtu halinyauki kwa siku moja.

Jumamosi, 13 Juni

Kazi ya kutwa nzima, na kazi nzuri. Mkono mpya una bolti nne nene, umeshika mbavu mbili za kombi. Mashimo nimeyaziba kwa lami, mvua haitaingia. Televisheni nimeikaza kwa vyuma bapa viwili, na kamba ya turubai juu yake. Kichwa changu kilikuwa nyuma ya televisheni tangu saa tatu asubuhi. Sikula.

Mnamo saa tisa mtu alibisha mlango wa kombi. Nikasema ngoja kidogo, kwa kuwa bolti ya tatu ilikuwa katikati, na bolti ikiwa katikati huwezi kuiacha. Baada ya muda akabisha tena. Nikasema ngoja. Nilidhani ni Lydiah, nikaongeza kwamba kama ni habari za kamba za nguo, nitaondoa gari kesho asubuhi. Mtu huyo hakujibu. Sauti ya mtoto ikauliza kitu, ikanyamazishwa. Watoto ni wengi hapa mtaani.

Nilipotoka saa kumi na moja hapakuwa na mtu. Lydiah alikuwa anaanua nguo. Hakunitazama. Alisema aliyebisha alikuwa Mbeti. Aliningoja stendi ya Tala asubuhi nzima, mabasi matatu yakaja bila mimi, akaogopa nimepatwa na jambo, akapanda basi kuja. Alikuja na mtoto na sanduku lake, ambalo mama yake alimfungia. Alikaa juu ya sanduku hilo nje ya kombi kwa muda wa karibu saa mbili. Lydiah alimkaribisha chai, akakataa, akasema anangoja mume wake. Kisha akainuka, akamshukuru Lydiah, akarudi kwao na basi la jioni.

Nilikaa kwenye ngazi ya kombi nikafikiri sana. Roho iliniuma. Amekuja kutoka kule kote, akakaa hatua mbili kutoka mlangoni, na hakuiona televisheni. Hata kuchungulia hakuchungulia. Angeona ilivyokaa, asingeondoka.

Lakini labda ni heri. Leo angeikuta bado bolti moja. Kesho nampelekea ikiwa kamili, na mama mkwe atakaa ndani bila wasiwasi, kwa kuwa hakutakuwa na mtu kabatini. Nimeishika kwa mikono miwili nikaitikisa kwa nguvu zangu zote. Haisogei hata kidogo.