Meli Yetu Kwenye Barafu

Jumatatu, 3 Machi

Mzee wetu, mkuu wa ofisi, amestaafu. Chumba chake kiko wazi. Chumba chenye mlango! Mimi miaka yote meza yangu iko njiani kuelekea chooni, na kila apitaye ananigonga kiwiko. Atakayepewa chumba ndiye mkuu wa ofisi. Tunaowania ni wawili: mimi na Mama Stempu, mtunza mihuri, ambaye hukumbuka kila mzigo ulipo. Kukumbuka si kipaji. Kipaji ni kubuni.

Jumamosi kampuni yetu ya kusafirisha mizigo inatimiza miaka ishirini. Bosi akaomba mawazo ya kupamba ukumbi wa wateja. Mama Stempu alisema viti viongezwe, maana wateja wanasubiri sana. Viti! Mimi nikasema picha. Kubwa, ya kihistoria, iliyochorwa kwa mkono. Bosi akanitazama. Hajanitazama hivyo tangu aniajiri.

Nimempigia mama mkwe, nikamwambia cheo nimeshapata. Kilichobaki ni kutangazwa tu.

Jumanne, 4 Machi

Picha imepatikana nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye kalenda ya zamani ya safari maarufu za baharini. Meli ya milingoti mitatu katikati ya barafu ya Ncha ya Kusini. Mabaharia wameshuka, wamesimama na masanduku yao. Anga la waridi. Heshima tupu. Chini kuna maelezo kwa herufi ndogo, lakini sikuwa na miwani.

Shemeji, kaka wa mke wangu, huchora mabango ya vinyozi. Amekubali kuinakili. Akauliza mbona meli haina maji. Nikamweleza kuwa maji ndiyo hayo hayo, yameganda. Akafurahi sana, kwa kuwa rangi nyeupe anayo nyingi, ilibaki alipopaka dari la jirani.

Mke wangu aliuliza kama Bosi ameiona hiyo kalenda. Nikamwambia mambo mazuri hayataki haraka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kukagua. Barafu safi kabisa. Mabaharia wana kasoro ndogo: kwenye kalenda wamevaa kofia za manyoya, hapa wote wako vichwa wazi na wamenyolewa vizuri. Mmoja ana panki, nahodha ana mistari pembeni. Shemeji alisema kofia zinaficha kazi. Sikubishana na msanii.

Ndipo likanijia wazo, tena wazo la mkuu wa ofisi. Nikamwambia aandike jina la kampuni yetu ubavuni mwa meli. Herufi nyekundu, kubwa!

Mama Stempu aliiona kalenda mezani kwangu. Akauliza kwa upole kama nimesoma maelezo ya chini. Wivu huo. Nikamwambia nimesoma. Akaondoka akisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikacheka. Mkuu yupi?

Jumamosi, 8 Machi

Sina hamu ya kuandika, ila naandika.

Ukumbi ulijaa. Bosi akavuta shuka lililofunika picha. Rangi ilikuwa haijakauka, kipande cha shuka kikabaki kimenata angani, lakini jina la kampuni lilionekana vizuri mno. Wateja wakainua shingo kutazama. Nikadhani ni heshima.

Mteja wa vigae, ambaye nyumba yake haina sakafu tangu mwaka jana, aliinuka, akasogea, akanyoosha kidole kwenye masanduku yaliyo juu ya barafu. Akauliza kwa adabu kama vigae vyake ni hivyo. Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja anayesubiri vyerehani akasema afadhali leo wameambiwa ukweli, maana kila siku jibu lilikuwa meli iko njiani.

Nikajitosa kuokoa jahazi. Nikasema mabaharia hawa hawakukata tamaa. Yule mama akauliza, na meli je, ilifika? Bosi naye akataka kujua. Nikavaa miwani, nikafungua kalenda, nikasoma kwa sauti, kwa kuwa nikisoma hutoa sauti: meli ilibanwa na barafu, ikapasuka, ikazama na mizigo yake yote.

Mama Stempu alikuwa anatazama sakafu. Niliona aibu, naandika wazi kwa kuwa humu hasomi mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Stempu ndiye mkuu wa ofisi. Guu lililovunjika ni langu.

Bosi alitaka kunifukuza. Mama Stempu akaniombea, akisema Jumamosi ni mara ya kwanza wateja wetu kucheka. Nimehamishiwa stoo, na picha nimepewa niondoke nayo. Stoo ina mlango. Niliuona kabla ya kitu kingine chochote.

Nyumbani mke wangu hakunisema. Alinijulisha tu kwamba mama yake anakuja Jumapili kukiona chumba cha mkuu wa ofisi.

Jumatano, 12 Machi

Sasa nimelijua kosa. Lilikuwa barafu. Bosi anahitaji meli inayokwenda!

Nimefunua ukurasa mwingine wa kalenda. Meli kubwa ajabu, ya kisasa, taa zote zinawaka. Nyuma imepaa juu kabisa, kama gari linaloteremka mlima kwa kasi. Wanamuziki wanapiga fidla sitahani. Abiria wanashushwa kwa mashua, maana yake wamefika. Barafu iko kipande kimoja tu, kwa mbali, na hicho nimemwambia shemeji asikichore.

Maelezo ya chini nimeyakata kwa mkasi, yasije yakasomwa tena. Ikikamilika kabla ya Jumapili, cheo nitakipata mbele ya mama mkwe. Jina la kampuni litaandikwa nyuma, pale palipoinuka, ndipo litakapoonekana hadi mwisho.