Suruali Zilizosimama Zenyewe

Jumatatu, 4 Mei

Mzigo umefika! Marobota ya sare za jeshi la nchi ya mbali, ziada ya ghala, hazijavaliwa hata siku moja. Nilizinunua bila kuzifungua. Ukichelewa, wajanja wanakuwahi.

Jeshi letu jipya halina kitu. Lile la zamani lilipotawanyika liliondoka na kila kinachobebeka, hadi vitasa vya milango. Sasa vijana wanafanya gwaride na nguo za nyumbani. Binti yangu mwenyewe yumo, mstari wa mbele, amevaa jezi ya mpira ya kaka yake. Jumamosi wanakula kiapo. Ameniomba kitu kimoja tu: siku hiyo asimame na sare mwilini, aonekane askari wa nchi inayojiheshimu. Mwana akiomba hivyo, baba utalalaje?

Mchana nimefungua robota la kwanza. Nyeupe. La pili, nyeupe. Yote nyeupe pee, na kofia zimeshonewa shingoni! Kumbe ni sare za kujifichia kwenye theluji. Huku kwetu theluji iko kwenye friji ya mama mkwe tu. Mke wangu ameuliza kama hao vijana wanakwenda vitani au wanakwenda kufunga ndoa.

Jumanne, 5 Mei

Sikati tamaa mimi. Nimechemsha pipa la rangi ya nguo, kijani kibichi, nikazamisha suruali. Imetoka nyeupe kama ilivyoingia. Maji yanateleza juu yake na kuanguka chini. Kitambaa hakinywi maji hata tone! Nimefurahi sana, hiyo ni sifa nyingine ya kumtajia mkuu wa ghala la jeshi. Kwa nini rangi haikukamata, sijui. Pengine pipa lilikuwa chafu.

Shemeji, kaka wa mke wangu, amepita kuchungulia. Huyu analiuzia jeshi sabuni na anajiona jenerali. Amenishauri nirudishe mzigo kabla sijaaibika. Wivu huo!

Jumatano, 6 Mei

Akili ni mali. Nilikuwa na rangi ya ukuta, kijani, iliyobaki tulipopaka chumba cha wageni. Nimeichanganya na uji wa wanga ili ishike. Mke wangu amepaka, mama mkwe amepaka, mimi nimesimamia.

Jua limefanya kazi yake. Zimekauka kau! Tulipoziteremsha kwenye kamba zikasimama zenyewe. Ua mzima suruali, mistari minne, ndani hamna mtu. Mama mkwe aliyekuwa amekwenda kuoga alipotoka na kuziona amepiga yowe mpaka majirani wakaja. Mmoja wao amezipigia saluti.

Alhamisi, 7 Mei

Nimepeleka kambini. Mkuu wa ghala aligonga suruali moja kama anayebisha hodi. Akataka kujua mbona ngumu hivi. Nikamwambia nguo mpya hulainika ikivaliwa na mwenyewe. Akasema hazikunji goti. Nikamjibu kwamba askari wa kweli hapigi magoti. Jibu hilo limempendeza mno. Amepokea zote. Na angefanyaje, maskini? Kiapo keshokutwa.

Binti amepiga simu. Amejitazama kwenye kioo cha bweni akalia kwa furaha. Wenzake wamemuuliza baba yake ni nani, na safari hii hakubadilisha mazungumzo, amewaambia. Nimeshindwa kumaliza chakula.

Ijumaa, 8 Mei

Mawingu! Nimekwenda kulitazama lile kopo la rangi. Limeandikwa kwamba ni ya ndani ya nyumba tu.

Nimekwenda kambini mbio kusema ukweli. Kabla sijafungua mdomo, mkuu wa ghala amenishika mkono na kunionyesha kiti changu cha kesho, safu ya mbele, karibu na mkuu wa majeshi. Kiti kina mto! Nimesema asante nikarudi nyumbani. Naona aibu hata kuandika.

Jumamosi, 9 Mei

Waliponyanyua mikono ya kuume kuapa, sare zikapasuka rangi, kakaka, uwanja mzima. Halafu mvua. Kijani kikaanza kuteremka, mabegani, magotini, kwenye buti. Punde wakawa weupe kichwa hadi mguu, wamesimama ndani ya dimbwi la kijani.

Hakuna aliyetikisika. Amri ilikuwa mguu sawa, na miguu ikabaki sawa. Binti yangu, rangi ikimchuruzika usoni, alitamka kiapo hadi neno la mwisho, wala sauti haikumtetema. Nimelia mbele za watu. Mkuu wa majeshi akasema ameona majeshi yenye sare nzuri yakitimua mbio, na haya maajabu ya leo hayakukimbia. Akawapigia saluti.

Baadaye binti akanifuata. Nikajua nimekwisha. Akanikumbatia, na suti yangu pekee sasa ina kifua cha kijani. Kisha akanifanya ninyanyue mkono pale pale kwenye matope, niape kwamba sitaliuzia jeshi kitu tena maisha yangu yote, hata sindano. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Sare zote zimerudishwa kwangu. Yake peke yake amekataa kuitoa. Na kikosi kizima kilihitaji kuoga, kwa hiyo shemeji ameuza sabuni mpaka ikamwishia. Mungu anaona!

Jumapili, 10 Mei

Marobota yako sebuleni. Mke wangu hasemi nami. Mama mkwe anasema kwa niaba yake.

Kiapo ni kiapo. Jeshi sitaliuzia, nimemwahidi mwanangu. Ila zimamoto hawakutajwa. Nasikia nao wanaundwa upya, hawana sare, na wanataka nyekundu. Rangi nyekundu ya ukuta ninayo, debe zima! Nimekaa asubuhi nzima nikichunguza tulikosea wapi jana, na nimeona kosa lilikuwa la mvua tu. Zimamoto mvua haiwahusu. Wao maji wanakuja nayo wenyewe.