Yai Viza la Mita Mia Mbili

Jumanne, 4 Machi 2025
Naogopa. Kesho ni siku ya kuchota maji katikati ya ziwa, na mimi maji yakipita magoti naanza kusali. Siku ya kuomba kazi niliwaambia nimekulia majini. Ulimi huu! Mradi wenyewe mkubwa: wataalamu wa Ufaransa, Chile na Japani wanachunguza vijidudu vya baharini, namna vinavyozungusha naitrojeni na fosforasi, chakula cha kila kiumbe cha majini. Bahari wanazo. Walitaka na ziwa moja lenye kina la kulinganisha, na Dokta Danielle, mkuu wetu hapa Bujumbura, aliwabembeleza mpaka wakachagua Tanganyika. Maji yetu yakiwa mabaya, tunatolewa mradini. Nami natolewa kazini. Na viboko wamo humo humo!

Jumatano, 5 Machi
Nimepata akili! Nilimwambia Mzee Tajudini, mwenye mtumbwi wa injini, kwamba ziwa limechafuka, tusiende. Akayatazama maji yaliyotulia, akanitazama mimi, akaenda kunywa chai. Nikajaza chupa zote pale ufukweni, nikaziandika mita kumi, hamsini, mia mbili. Shida moja: maji ya chini kabisa hayana hewa, yananuka yai viza, na Audace, mwenzangu wa maabara, hapimi kitu kabla ya kunusa. Anaitaka nafasi yangu, najua. Basi mbio nyumbani Ngagara. Kuku wa mke wangu alikuwa amelalia mayai. Nikachukua yai moja lililokataa kuanguliwa, nikatia matone kwenye chupa ya mita mia mbili. Audace akanusa, akakunja uso, akasema hii ndiyo yenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mke wangu Dorothée ameona yai limetoweka. Mtu wa Uvira huyu, ng'ambo ya Kongo, haibiwi akanyamaza. Lingekuwa yai zima angesema ni njaa. Lakini viza! "Mutu mwenye kuiba yai ya kuoza, ule si mwizi, ni mulozi!" Ameita akina mama wa chumba cha maombi. Wameomba mkono wa mchawi ukauke. Niliitikia amina, wangu nimeuficha mfukoni. Tangu hapo unakufa ganzi. Ni hofu tu. Ni hofu tu?

Jumatatu, 12 Mei
Nimekwisha. Leo mkutano wa mtandaoni, majibu ya vinasaba yametoka. Profesa wa Chile alisema Bujumbura ina jambo lisiloonekana katika bahari yoyote: kuku, kwenye mita mia mbili. Mjapani akauliza kwa adabu kama kwetu kuna kuku wanaopiga mbizi. Mdomo ukanitangulia, nikasema Audace hula kuku mle maabara. Audace akaruka, akaapa kwamba chakula chake ni maharage na ndagala, dagaa wa ziwani. Dokta Danielle akakata maneno: Audace asiguse chupa tena. Maji yatachotwa upya keshokutwa, Dokta mwenyewe atapanda mtumbwi, maprofesa watatazama kwa simu. Mchotaji ni mimi. Nilimchimbia mwenzangu shimo, nimeingia mwenyewe!

Jumatano, 14 Mei
Niko hai. Nilivaa maboya mawili na rozari ya marehemu mama. Ufukwe ulipopotea nikamkumbatia Tajudini kiunoni. Akaniomba nimwachie mikono apate kuendesha. Nikashusha mtungi kwa kamba, macho nimefumba. Kamba ikaenda, ikaenda, nami nikawaza ni nani huko chini anayeivuta. Nilipoupandisha, harufu ikatoka: yai viza, bila yai! Nililia machozi. Maprofesa wakapiga makofi, kisha mtandao ukakatika, Mungu ni mwema. Maana hapo hapo Tajudini, kwa roho safi kabisa, akanisifu mbele ya Dokta: "Wallahi, leo Valéry amejikaza! Ile siku ya mwezi wa tatu alikataa ata kupanda, tulibakia ku beach." Dokta akanikazia macho mpaka nchi kavu. Macho yale! Heri kiboko.

Ijumaa, 16 Mei
Dokta ameniita. Alisema amewaambia maprofesa kwamba maji ya Machi yalichotwa vibaya, yatupwe, na kosa amelibeba yeye ili Bujumbura isitolewe. Hilo liliniuma kuliko matusi. Nimwombe Audace msamaha mbele ya wote. Na kila mwezi, mpaka mradi uishe, mchotaji ni mimi. Nikidanganya tena, kwaheri. Audace nimemwomba. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Acha acheke, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa kilio. Nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya Dorothée: uongo basi.

Jumapili, 18 Mei
Safari nyingine ni Juni, na upepo wa kusini umeshaanza. Mawimbi nimeyaona leo baada ya misa. Nikageukia nyumbani. Nimekaa, nimefikiri kwa utulivu, nimelitambua kosa langu. Kosa halikuwa uongo. Kosa lilikuwa kuku. Kuku na ziwa wapi na wapi! Kuna mama mmoja, mtaa wa Mutakura, anafuga bata. Bata ni ndege wa majini, nani atashangaa kumkuta? Nimemtumia ujumbe: yai likimharibikia, asilitupe.