Viti vya Wakwe Ufukweni Mwaya

Jumanne, 14 Aprili 1914. Mwaya

Mvua siku ya tisa. Mto Kiwira umeingia Ngonga na Bujonde bila hodi. Mpunga umelala majini. Vihenge vimeelea hadi ziwani, kimoja na jogoo juu yake. Watu wamejibanza kwenye miinuko, na watoto wanalia njaa.

Bwana Luteni, Mjerumani wetu, ameniita. Anasema Waingereza wa Karonga wamesikia, wanaleta meli ya mchele keshokutwa. Mabaharia wao watashusha, askari wetu watagawa. Ni jambo la serikali mbili, kosa dogo litafika hadi Ulaya. Mkalimani ni mimi Hezroni, kwa kuwa nilisoma Karonga. Mambo yakienda sawa nitabaki hapa, karani wa bandari. Yakiharibika, nitapelekwa boma, kule milimani.

Boma! Baridi, ukungu, na ziwa unaliona kwa bahati tu. Mama yangu Yunis yuko Lyulilo peke yake. Macho yamefifia, bado anafinyanga vyungu. Nani atamletea udongo kwa mtumbwi? Marehemu baba alikuwa akiuleta kila Jumamosi, nami mbele na kasia langu dogo, na mama anatusubiri majini mpaka magotini. Nikikumbuka hayo moyo unaniuma. Siendi boma. Nitatumia kila hila ninayoijua.

Zebedayo, mpishi wa Luteni, alisikia yote akiwa jikoni. Ana maneno manne ya Kiingereza, matatu ya vyakula. Ameanza kutembea kama mkalimani.

Jumatano, 15 Aprili

Kazi ya viti. Luteni na nahodha Mwingereza lazima wakae sawasawa, asiwepo wa juu. Kiti kimoja kilizidi kingine kwa vidole viwili. Nikakata miguu. Kumbe nimekata ya kile kifupi. Nikakata ya kirefu, kikapitiliza. Nikarudi kwa cha kwanza. Kufika saa kumi vyote viwili vilikuwa vigoda. Lakini vinalingana.

Mama ameleta kwa mtumbwi chungu chake kikubwa kuliko vyote, cha kupikia wali wa wageni. Ndicho kile kilichopikiwa wali siku ya ubatizo wangu. Nilikigusa nikasikia harufu ya moshi wa nyumba ya zamani.

Hila yangu kuu ni hii. Wazee wote wa Ngonga na Bujonde nitawaketisha mstari wa mbele, pale pale penye mchele. Wakifurahi watanisifu kwa Luteni. Wanawake watapita mbele yao, mmoja mmoja, kuchukua chakula. Kwa utaratibu, kama kanisani.

Damari wa Ngonga, ambaye nyumba yake imechukuliwa na maji, aliuliza wazee watakaa wapi. Nikamwonyesha. Akanitazama sana, kisha akauliza kama nimeoa. Nikamjibu kwamba hayo hayahusiani na mchele. Akasema haya, akaondoka akitikisa kichwa. Wanawake wana maswali ya ajabu.

Alhamisi, 16 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Meli ilifika asubuhi. Luteni na nahodha walipeana mikono, wakaketi kwenye vigoda vyangu, magoti karibu na kidevu. Wakatazamana, wakacheka. Nikajua mambo yameiva.

Nikawaita wanawake. Walikuja kama mia mbili, vikapu kichwani, Damari mbele. Walipofika hatua thelathini wakawaona wazee. Damari akamwona Mzee Andrea, baba wa mumewe. Akafunika uso kwa kikapu na kujitupa kwenye matete. Nyuma yake mwingine, mkwe wake yuko pale pale. Kisha wote. Kufumba na kufumbua ufuko ulikuwa mtupu, na matete yamejaa watu.

Mkamwana hamtazami mkwe wake wala hapiti karibu naye! Mtoto mdogo wa Kinyakyusa analijua hilo. Mimi ni Mkisi, lakini nimekua nao na ninalijua vilevile. Ila sina mke, na baba alikufa zamani. Nyumbani kwetu hakuna anayemkimbia mtu. Nilisahau kabisa.

Askari waliona watu mia mbili wanakimbilia matete wakadhani tumeshambuliwa. Wakashika bunduki. Mabaharia walipoona bunduki wakashika za kwao. Luteni alitaka kusimama, kigoda kikamng'ang'ania. Nahodha akaniuliza kuna nini. Kiingereza chote kilinitoka. Nikabaki kuonyesha matete kwa kidole, na hilo likazidisha hofu.

Aliyeokoa siku ni Zebedayo. Hakuelewa chochote, nasema kweli. Aliona wali na samaki wake wa mbasa wanapoa tu. Akabeba chungu cha mama hadi melini, akawaita wazee wamfuate wakale. Wazee wote wakapanda, Mzee Andrea mbele, na kila upande ukashusha bunduki. Ufuko ulipobaki bila wakwe, wanawake walitoka matetini. Damari akapanga mstari mwenyewe. Askari wakapima, mabaharia wakabeba, magunia yakaisha kabla ya adhuhuri. Watoto wa Ngonga wamelala wameshiba.

Luteni na nahodha nao walikwenda kula melini, kwenye chungu kimoja na wazee. Wajerumani, Waingereza na Wanyakyusa, mikono yao inapishana kwenye wali. Nahodha aliuliza nani amefinyanga chungu hiki. Nikasema mama yangu. Ndiyo tafsiri pekee niliyoipata sawa leo.

Ijumaa, 17 Aprili

Zebedayo ndiye karani wa bandari. Luteni anasema ana akili ya haraka. Mimi boma, Jumatatu.

Nimelia kidogo. Nimeandika ili nisisahau: kosa lilikuwa la matete, yalikuwa karibu mno.

Jumatatu, 20 Aprili. Lyulilo

Nimekuja kumuaga mama. Alinishika uso kwa vidole vyenye udongo. Akasema siku ile ya mchele pale Mwaya hakuona vizuri, ila alisikia wazungu wakicheka melini, na sauti ile imemkumbusha soko la zamani, mitumbwi ya pande zote, hakuna anayeuliza umetoka wapi. Damari amemwahidi udongo kila Jumamosi. Nikamwambia ndaga, asante ya kwetu, nikashika njia.

Alhamisi, 20 Agosti. Boma

Baridi. Vita. Luteni, ambaye naye sasa yuko huku, ametutangazia kwamba Mwingereza sasa ni adui. Ninanakili amri za kuchimba mahandaki, vidole vimekufa ganzi.

Leo imefika barua ya mama, Damari ndiye aliyemwandikia. Wiki iliyopita mama alisikia mlio wa meli ya Karonga. Akadhani wanaleta mchele. Akawasha moto, akateleka chungu kikubwa, akasimama majini mpaka magotini, akipunga kitambaa. Meli haikusimama. Ilikuwa na mzinga mbele. Wali ulikaa mpaka jioni, ukaliwa na majirani.

Nimeisoma mara tatu. Kisha nikafikiri sana.

Watu hawa walikula chungu kimoja, nilikuwepo. Kinachokosekana ni utaratibu tu. Kesho nitaomba ruhusa kwa Luteni niteremke Mwaya. Vigoda bado viko ghalani, na vinalingana. Nitawaketisha yeye na nahodha uso kwa uso, mama apike. Matete nitayafyeka mapema. Wazee nitawaweka mbele, wasije wakanung'unika.